Milimita Moja Mdomoni mwa Mtutu

Mwishoni mwa miaka ya 1860, bata wa porini walipokuwa bado wakitia giza anga la bonde la mto Illinois, kijana mmoja aitwaye Fred Kimble aliishi kwa kuwaua na kuwauza. Kazi hiyo ilikuwa halali Marekani wakati huo. Ndege walipakiwa kwenye mabehewa wakapelekwa kwenye masoko na hoteli za miji mikubwa, na mwindaji alilipwa kwa idadi. Kwa mtu wa namna hiyo, kila chembe ya marisau iliyopita pembeni mwa ndege ilikuwa pesa iliyotupwa.

Kwa simulizi aliyoirudia hadi uzeeni (alifariki 1941), Kimble alichukua mtutu akaukereza kwa ndani, ila hakufika mdomoni. Aliacha sehemu ya mwisho iwe finyu, akiamini mdomo mwembamba utayakusanya marisau. Alipofyatua, yakatawanyika vibaya kuliko mwanzo. Akaona ameuharibu mtutu, akaanza kuikereza ile sehemu ili aiondoe kabisa. Kabla hajamaliza akajaribu tena, na safari hii marisau yakaenda yameshikana kwa namna ambayo hakuwahi kuiona. Mdomoni palikuwa pamebaki kibano kidogo tu.

Wapo wanaoitilia shaka simulizi hiyo, kwa sababu Kimble aliisema sana, na aliisema baada ya jambo lenyewe kuwa maarufu. Hata kama aliipaka rangi, mambo mawili yaliyomo ndani yake ni kweli tupu, na yeyote anayenunua leo kibomba cha kubana mdomo wa bunduki yake ya kuwindia bata mzinga atakutana nayo: kibano kikizidi hutawanya, na hakuna njia ya kujua kimezidi ila kufyatua na kutazama.

Sehemu hiyo finyu mafundi na wawindaji huiita choki. Ukitazama kwa macho huioni. Bunduki ya geji 12, iliyo ya kawaida zaidi duniani, ina tundu la milimita 18.5 hivi. (Geji ni hesabu ya zamani: ratili moja ya madini ya risasi ikigawanywa mipira 12 iliyo sawa, kila mpira utaenea kwenye tundu hilo.) Choki iliyobana kabisa kwa vipimo vya jadi hupunguza tundu hilo kwa inchi 0.035, yaani hata milimita moja haifiki. Ile ya wastani hupunguza nusu milimita, na ile nyepesi robo. Tofauti ya unene wa karatasi chache ndiyo inayoamua kama ndege aliye mbali atapigwa na chembe kumi au mbili.

Nani aliyeivumbua? Swali hili limewagombanisha watu kwa karne moja na nusu. William Pape, fundi bunduki wa Newcastle nchini Uingereza, aliitaja katika hataza yake ya 1866, kwa maneno machache tu, kana kwamba ni jambo la pembeni. Wamarekani humtaja Jeremiah Smith wa Rhode Island, wakisema aliigundua tangu 1827. Lakini anayenivutia mimi kuliko wote ni Sylvester Roper wa Massachusetts, mtu ambaye kichwa chake hakikutulia. Alitengeneza magari ya mvuke kabla ulimwengu haujawa na neno la kuyaita, na alifariki Juni 1896 huko Cambridge akiwa juu ya baiskeli yake ya mvuke, akiiendesha kwa kasi mbele ya watazamaji. Mwaka 1868 alipata hataza ya mdomo wa bunduki unaofungwa na kufunguliwa kwa hesi, ili mtu mwenye mtutu mmoja aweze kuubana au kuuachia apendavyo. Hicho ndicho kibomba kinachouzwa leo katika kila duka la wawindaji Marekani. Roper alikiwahi kwa takriban miaka mia moja, na watu wa zama zake hawakujua wakifanyie nini.

Mabishano hayakumalizwa na hataza. William Wellington Greener wa Birmingham, mtoto wa fundi bunduki na mwenye ulimi mkali, mwishoni mwa 1874 alianza kutangaza bunduki zenye choki aliyodai inaaminika, inayorudia matokeo yale yale mtutu baada ya mtutu. Mafundi wa London, ambao wateja wao walikuwa mabwana wenye vyeo, walicheka. Gazeti la The Field, lililohaririwa na John Henry Walsh, likaitisha majaribio mwaka 1875. Bunduki zilifyatuliwa kwenye shabaha, na watu wakakaa kuhesabu matundu, moja baada ya jingine. Choki za Greener zikashinda mitutu ya kawaida kwa mbali. Kazi ya kuhesabu matundu haina utukufu wowote, lakini ilifunga midomo iliyokuwa imeshindwa kufungwa na hoja.

Kutokana na zama hizo ukajengeka utaratibu unaotumika mpaka sasa: duara la inchi 30, sawa na sentimita 76, kwa umbali wa yadi 40, ambazo ni mita 36 na nusu hivi. Mtutu usio na choki huingiza karibu asilimia 40 ya marisau yake ndani ya duara. Choki iliyobana kabisa huingiza 70. Kati ya hapo ni ngazi za 50 na 60. Majina ya ngazi hizo yalichongwa kwenye mitutu, na baadaye kwenye vibomba, na hapo ndipo uvivu ulipoanza, maana watu wakaamini maandishi ya chuma badala ya matundu ya karatasi.

Ila Greener na Kimble walikuwa wakipiga bata na njiwa wanaoruka. Bata mzinga ni habari nyingine, na wakati choki inasifiwa mjini Birmingham, yeye kwao Marekani alikuwa anakwisha.

Ndege huyu ni mzaliwa wa Amerika Kaskazini. Wahispania walimpeleka Ulaya mwanzoni mwa karne ya 16 baada ya kumkuta amefugwa Meksiko, na kizazi cha hao waliofugwa ndicho kinachojulikana katika mabanda ya dunia nzima. Yule aliyebaki porini hakufugwa. Dume lake lina kilo nane hadi kumi, huona kwa ukali wa kutisha, hulala juu ya miti mirefu na hukimbia kabla ya kuruka. Walowezi walimmaliza kwa kila njia. Walimpiga usiku wa mbalamwezi akiwa amelala tawini. Walimjengea vizimba vya magogo vyenye mfereji unaopita chini ya ukuta, wakamwaga mahindi kwenye mfereji huo. Ndege aliingia ameinamisha kichwa akidonoa, akafika ndani, akainua kichwa kutafuta pa kutokea, na kwa kuwa hakutazama tena chini alizunguka humo hadi mwenye kizimba alipokuja. Misitu nayo ilifyekwa. Connecticut ilipoteza ndege wake wa mwisho mapema katika karne ya 19. Massachusetts ilimpoteza wa mwisho mwaka 1851, katika mlima Tom. Kufikia 1920 alikuwa ametoweka katika karibu nusu ya majimbo aliyokuwamo kiasili.

Sheria ya Lacey ya 1900 iliwabana wafanyabiashara wa wanyama waliowindwa kinyume cha sheria za majimbo, na kazi ya akina Kimble ikaanza kufika mwisho. Mwaka 1937 Rais Franklin Roosevelt alitia saini sheria ya Pittman na Robertson, iliyoelekeza ushuru wa bunduki na risasi kwenye uhifadhi wa wanyamapori. Ushuru huo upo hadi leo, asilimia 11 kwa bunduki ndefu na risasi. Kila anayefyatua katriji kwenye karatasi ili aijaribu choki yake anaulipa, apende asipende.

Pesa zilipopatikana, wataalamu walikosea kwanza. Walifuga bata mzinga mabandani wakawaachia porini kwa maelfu, na karibu wote wakafa, kwa kuwa ndege aliyelelewa bila mama hajui mbweha ni nani. Ilibidi kuwakamata wa porini wenyewe na kuwahamisha. Lakini unamkamataje ndege anayekuona ukipepesa jicho? Jibu lilipatikana Carolina Kusini mwaka 1951, katika msitu wa taifa wa Francis Marion, ambako Duff Holbrook alirusha wavu mkubwa kwa mizinga midogo juu ya kundi lililokuwa likila mahindi. Ndani ya muda wa kufumba jicho ndege walikuwa chini ya wavu. Toka hapo waliwekwa kwenye maboksi na kusafirishwa jimbo hadi jimbo. Massachusetts, iliyokaa bila bata mzinga wa porini kwa zaidi ya karne, ilipokea 37 kutoka New York mwanzoni mwa miaka ya 1970, na leo wajukuu wao wanazuia magari katika vitongoji vya Boston. Mwaka 1973, shirikisho la kitaifa la bata mzinga, NWTF, lilipoanzishwa, nchi nzima ilikuwa na ndege wapatao milioni 1.3. Miaka thelathini baadaye walikadiriwa kukaribia milioni saba, na walikuwa wakiwindwa katika majimbo yote isipokuwa Alaska.

Hivyo kizazi kizima cha Wamarekani kilijifunza upya uwindaji ambao baba zao hawakuwa nao. Huwindwa hasa majira ya kuchipua, na huwindwa kwa sauti. Alfajiri dume hunguruma akiwa bado mtini, akiita majike. Mwindaji, amekaa chini mgongo ukiwa kwenye shina la mti, amevaa nguo za rangi ya majani hadi usoni, hujibu kama jike. Hutumia kisanduku cha mbao chenye kifuniko kinachokwaruza, cha aina aliyoipatia hataza Henry Gibson wa Arkansas mwaka 1897, au kipande cha bamba la jiwe, au utando mwembamba ukaao mdomoni. Ugumu wenyewe uko hapa: kwa maumbile, jike ndiye humfuata dume. Mwindaji anamwomba dume aende kinyume na desturi yake. Dume hukubali nusu njia, kisha husimama hatua hamsini au sitini hivi, hutanua mkia, hungoja mwenzake ajitokeze. Anaweza kusimama hapo nusu saa.

Zile hatua za mwisho ambazo dume hakubali kuzitembea ndizo zilizozaa biashara ya vibomba. Huyu hapigwi kifuani, kwa maana manyoya na nyama ya kifua ni ngao. Chembe ndogo humjeruhi tu akaenda kufia mbali. Hulengwa kichwa na shingo, shabaha nyembamba kuliko mkono wa mtu mzima. Duara la inchi 30 la Greener halisaidii kitu hapo. Wawindaji wa bata mzinga walijichorea duara lao la inchi 10, na wengi wao wakajiwekea sharti la chembe 100 ndani yake. Umbali ambao sharti hilo linavunjika ndio mwisho wa bunduki yako, hata tangazo liseme nini.

Njia ya kufikia hapo ilikuwa ndefu kidogo. Katika miaka ya 1920 Kanali Richard Cutts wa Wanamaji wa Marekani pamoja na mwanawe walibuni kifaa cha mdomoni chenye matundu ya kutolea moshi, kilichojulikana kwanza kwenye bunduki ya rashasha ya Thompson, kisha kampuni ya Lyman ikakiuza kwa wawindaji pamoja na vibomba vya kubadilisha. Kilikuwa kibaya kwa sura na kilipiga kelele za kupasua masikio ya jirani. Ikafuata Poly-Choke, iliyozungushwa kwa mkono kama mdomo wa mpira wa kumwagilia bustani. Miaka ya 1960 Winchester ilianza kuuza vibomba vinavyofungwa kwa hesi, na mwaka 1986 Remington ikaleta vyake. Wazo la Roper likawa kitu cha kawaida. Mtu hakuhitaji tena bunduki tatu.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1960 katriji nayo ilibadilika. Marisau yakawekwa ndani ya kikombe cha plastiki kinachoyalinda yasisuguane na ukuta wa mtutu. Chembe isiyobonyea hunyooka, na ile iliyobonyea hukata kona. Kikombe hicho kidogo, ambacho mwindaji hukikanyaga majanini bila kukitazama, kilifanya kazi sawa na ngazi nzima ya choki. Mwaka 1988 Mossberg ikatoa modeli ya 835, iliyoweza kumeza katriji ya inchi tatu na nusu, ndefu kuliko zote za geji 12 hadi wakati huo, ikiwa imejaa marisau mpaka pomoni.

Mafundi wakaendelea kubana. Kutoka tundu la mdomoni la inchi 0.695 walishuka hadi 0.670, 0.665, 0.660, na wengine chini zaidi. NWTF ikaanzisha mashindano ya kupiga shabaha iliyosimama, ambapo huhesabiwa chembe zilizoingia kwenye duara la inchi tatu tu kwa yadi 40. Matangazo yakaanza kuzungumzia yadi 50, kisha 60. Na hapa wengi walinunua namba bila kuuliza namba hiyo inatolewa kwenye nini. Kibomba cha 0.660 kwenye mtutu wenye tundu la 0.727 kinabana inchi 0.067. Lakini ile 835 ina tundu la 0.775, pana kama la geji 10. Choki ya 0.695, inayohesabiwa kuwa ya kawaida kwingine, ikiwekwa humo inakuwa kibano kikali mno. Zaidi ya hapo, hesi za kampuni moja haziingiani na za nyingine. Kibomba kinachoonekana kuingia kwa kulazimishwa kinaweza kuondoka pamoja na marisau na kipande cha mdomo wa mtutu.

Na kibano kilipozidi, kisa cha Kimble kilijirudia. Chembe zinapobanwa kupita kiasi hubonyea, husukumana, na karatasi huonyesha duara lenye pengo katikati, mahali hasa ambapo shingo ilipaswa kuwa. Mwenye bunduki anaona amenunua kibomba cha bei ghali kinachopiga vibaya kuliko kile alichopewa bure dukani. Hata kinapopiga vizuri kina gharama ambayo matangazo hayaitaji: dume akija mbio hadi hatua kumi, marisau huwa bado yameshikana yote, saizi ya chungwa, na mwindaji aliyezoea kusema bunduki ya marisau haihitaji kulengwa sana humkosa ndege aliye mbele ya miguu yake. Ndiyo maana bunduki za bata mzinga za siku hizi zimefungwa darubini au vioo vya nukta nyekundu, vitu ambavyo mabwana wa Greener wangeona ni aibu kuviweka juu ya bunduki ya ndege.

Mageuzi ya mwisho yalikuja kupitia madini. Chuma, ambacho tangu 1991 kinalazimishwa, pamoja na metali nyingine zisizo na sumu, kwa uwindaji wa bata wa majini Marekani nzima, ni chepesi na kigumu. Kikipitishwa kwenye choki ya kubana sana kinaweza kuutunisha mtutu. Wawindaji wa bata mzinga hawakulazimishwa kukitumia na hawakukipenda. Tungsteni ndiyo iliyowapata. Madini ya risasi yana uzito wa gramu 11 na kitu kwa kila sentimita ya ujazo. Marisau ya tungsteni ya daraja la juu, yaitwayo kwa kifupi TSS, yana gramu 18. Kwa uzito huo chembe ndogo ya namba 9, milimita mbili tu, inapenya kama chembe ya risasi iliyo kubwa zaidi. Wakia mbili za marisau ya risasi namba 6 ni chembe 450 hivi. Wakia mbili za TSS namba 9 ni zaidi ya 700. Waliokuwa wakijijazia wenyewe katriji nyumbani waliijua siri hii kwa miaka. Federal ilipoileta madukani mwaka 2018 ikawa ya kila mtu.

TSS iliwavuruga wauza vibomba. Kwa kuwa chembe zake hazibonyei, wengi waligundua kwamba kibano cha wastani kinatosha, na wakati mwingine kinashinda kile kikali. Bunduki ndogo za geji 20, na hata ile ya .410 ambayo zamani ilionekana ni ya watoto kupigia sungura, zikaanza kutimiza sharti la chembe 100 kwa yadi 40. Mzee mwenye bega bovu na msichana wa miaka kumi wakarudi msituni bila kuogopa teke. Baadhi ya majimbo yalirekebisha kanuni kuziruhusu.

Mimi naona mbio za yadi ziliwapeleka watu upande usiofaa. Aliyeweza kumleta dume hadi hatua thelathini hakuhitaji kitu kikali kuliko choki ya 1875 na katriji nzuri, na uwindaji huu ni wa kuleta, si wa kufikia. Huko kusini mwa Marekani, tena, ndege wameanza kupungua katika miaka ya karibuni. Tennessee mwaka 2023 ilichelewesha ufunguzi wa msimu kwa wiki mbili na kupunguza kiwango cha msimu hadi madume mawili. Ndege anayejeruhiwa kwa yadi 65 haingii kwenye hesabu ya mtu yeyote, lakini ametoka kwenye kundi.

Jambo la kushangaza ni kwamba bei imewafundisha wengine kupima kwa uangalifu, jambo ambalo nasaha hazikuweza, na wengine imewafanya waache kupima. Katriji moja ya TSS inaweza kupita dola 10. Wapo wanaofyatua moja tu kabla ya msimu, au wasifyatue kabisa, wakaamini maandishi ya kibomba. Wenye busara hufunga kwanza karatasi pana kwenye ubao, huanza na katriji za bei rahisi kwa yadi 20 ili wajue kama bunduki inapiga pale inapolengwa, hurekebisha darubini, kisha ndipo hutoa mbili au tatu za ghali kwa yadi 40. Halafu hukaa na kalamu kuhesabu matundu, na kibomba kikishindwa hujaribu kile chepesi zaidi kabla ya kununua kilichobana zaidi.